"Ulafi" wa Wagalatia 5:21 si habari ya sahani: njooni tulifuatilie neno komos

Mwana Kihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia hapa Morogoro tulikuwa Wagalatia sura ya 5, pale kwenye matendo ya mwili. Tulipofika mstari wa 21, "husuda, ulevi, ulafi", mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. Huyu mama huwa haongei mpaka sala ya kufunga. Akasema: "Mwalimu, mimi nimelea watoto saba, kuna miaka tumelala na uji mtupu. Leo nikienda harusini nikala pilau sahani mbili, nimeshaandikwa pamoja na wachawi na waabudu sanamu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Nikamjibu yale ya kawaida, kwamba kila kitu kiwe na kiasi, tukaendelea na mstari unaofuata. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na deni, maana mstari ule unamalizia kwa kusema watu wa namna hiyo hawataurithi ufalme wa Mungu. Swali zito kama hilo halilipwi kwa jibu jepesi.

Nikaanza kuchimba. Neno ambalo Biblia yetu ya Union inaliita "ulafi" pale, kwa Kigiriki ni komos. Katika Agano Jipya lote limetokea mara tatu tu, na mara zote tatu liko kwenye wingi: Warumi 13:13, Wagalatia 5:21 na 1 Petro 4:3. Warumi na Wagalatia tumepewa "ulafi". Kwa Petro watafsiri wakaongeza kidogo, wakaandika "karamu za ulafi".

Sasa shika hili: komos halikuwa jina la kula. Wala halikuwa jina la kulewa, maana kulewa kuna neno lake, methe, na katika Warumi na Wagalatia Paulo ameyaweka yote mawili bega kwa bega. Komos ni kile kinachofuata baada ya kulewa. Ni kundi la watu waliokwisha kunywa, wanatoka nje usiku, mienge mkononi, mpiga zumari mbele, mataji ya majani kichwani, wanaimba na kucheza barabarani mpaka kwa rafiki mwingine wakaanze upya. Wakifika kwenye mlango wa mwanamke ambaye mmoja wao anamtaka, wanasimama pale pale na kuimba, na mlango usipofunguliwa wanaugonga. Huo wimbo wa mbele ya mlango uliofungwa ulikuwa hata na jina lake, paraklausithuron.

Yaani ni ulevi wenye miguu.

Najua humu kuna wajuzi wa lugha na kuna watu wa makanisa mbalimbali. Karibuni tulichambue. Nikipata nafasi nitaendelea hapo chini.

---

Kibatari

Mkuu endelea, nimeweka kigoda. Ila nauliza mapema: hizo habari za mienge na zumari zimeandikwa wapi? Isije ikawa ni maelezo ya wahubiri wa mtandaoni.

---

Mwana Kihonda

Swali zuri Kibatari. Ushahidi upo wa aina mbili, wa maandishi na wa vyombo. Nianze na vyombo, maana picha haina mahubiri.

Wagiriki wa kale walichora kwenye vyombo vyao vya udongo, na komos ni kati ya mambo waliyopenda sana kuchora. Korintho na Athene wana vyombo vya miaka ya 500 na kitu kabla ya Kristo vyenye wanaume wanaocheza wakiwa wamejaza nguo tumboni na makalioni. Wataalamu wa vyombo wakawapa jina komasti, watu wa komos.

Kuna kikombe kimoja kiko makumbusho ya Würzburg, Ujerumani, cha miaka ya 490 hivi kabla ya Kristo. Aliyekichora hajulikani jina, wanamwita Mchoraji wa Brygos kwa sababu Brygos ni jina la mfinyanzi lililoandikwa kwenye baadhi ya vyombo alivyochora. Ni kikombe kipana, kifupi, chenye masikio mawili, cha kunywea mvinyo. Ukikizungusha kwa nje unaona msafara wote: wanaume wamevaa mataji, shuka zinawaporomoka mabegani, fimbo mkononi, zumari linapigwa, miguu imepishana kama ya mtu asiye na hakika na ardhi. Basi wewe mgeni unakunywa huku wenzako wakitazama picha hiyo ya nje. Ukimaliza mvinyo, chini kabisa ya kikombe inatokea picha nyingine uliyokuwa huioni. Kijana ameinama anatapika, na msichana amesimama mbele yake amemshika kichwa kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, kama mama anavyomshika mtoto mwenye homa. Nimeitazama picha hiyo muda mrefu. Mchoraji alijua anachofanya kuiweka chini pale.

Maandishi nayo. Wagiriki wenye uwezo walikuwa na kikao cha kunywa kinaitwa sumposion, maana yake kunywa pamoja. (Ndiyo, hilo hilo linaloandikwa leo kwenye mabango ya vyuo vikuu wanapoita "simpoziamu".) Wanaume wanalala kwenye vitanda kuzunguka kuta za chumba, katikati kuna chungu kikubwa cha kuchanganyia mvinyo na maji, maana kunywa mvinyo usiochanganywa na maji waliona ni ushenzi. Kikao kina mwenyekiti, kina mashairi, kina taratibu. Komos ndiyo inayozaliwa taratibu zikishavunjika.

Mshairi wa vichekesho aitwaye Eubulo, wa miaka ya 300 kabla ya Kristo, alimweka mungu wa mvinyo, Dioniso, aseme maneno ya kuhesabu vyungu hivyo. Kwa kifupi anasema: kwa wenye akili nachanganya vyungu vitatu tu. Cha kwanza ni cha afya, cha pili cha mapenzi na raha, cha tatu cha usingizi, na hapo wenye busara wanakwenda kwao. Cha nne si chetu tena, ni cha jeuri. Cha tano cha makelele. Cha sita cha komos. Cha saba cha macho kuvimba kwa ngumi. Cha nane cha kuitwa mahakamani. Cha tisa cha nyongo. Cha kumi cha wazimu, watu wanarushiana samani.

Angalieni komos iko wapi. Iko katikati ya makelele na ngumi. Kila aliyewahi kuishi karibu na baa anaijua ngazi hiyo bila kusoma Kigiriki.

---

Kapuku wa Uyole

Mimi ni mtu wa Mbeya na nimeshtuka. Kumbe komos! Huku kwetu tuna pombe ya kienyeji inaitwa komoni, inatengenezwa kwa mahindi na ulezi, inauzwa vilabuni kwa ndoo na kwa kopo. Haiwezekani wamisionari ndio waliileta hilo jina?

---

Mwana Kihonda

Kapuku, nami lilinijia hilo wazo, nikalipenda, nikaliacha. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi. Ukitaka kusema neno limehama kutoka lugha moja kwenda nyingine lazima uonyeshe njia: nani alilibeba, alipita wapi, na maana ilibadilikaje. Hakuna mnywaji wa Kigiriki aliyepita Uyole, na hakuna mmisionari ambaye angekipa kinywaji cha kilabuni jina analolipigia vita mimbarini. Na tena komos si kinywaji. Ni tendo.

Lakini umenikumbusha jambo. Kuna neno moja mnalolitamka kila siku ambalo kweli limetoka huko, na njia yake inaonekana hatua kwa hatua: komedi. Kigiriki ni komoidia, yaani komos na oide, wimbo. Wimbo wa komos. Athene walikuwa na sikukuu ya Dioniso kila mwaka, na mwaka 486 kabla ya Kristo mashindano ya komedi yakaingizwa rasmi kwenye sikukuu hiyo. Kwa hiyo anayesema "naangalia komedi" amebeba msafara wa walevi mdomoni bila kujua.

---

Shemasi Mstaafu

Mtoa mada, hongera kwa kazi. Mimi nina programu ya Biblia kwenye simu yenye namba za Strong, zile zinazokupeleka kwenye kamusi ya kila neno la Kigiriki. Komos ni namba 2970, na inaeleza kwamba neno limetoka kwenye keimai, yaani kulala au kuwekwa chini, "kama vile kujiachia". Hapo asili si imeshapatikana?

---

Mwana Kihonda

Asante sana mzee wangu. Hiyo namba nimeiona, na najua wengi wanaishia hapo kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu. Naomba nieleze kwa heshima.

Kamusi ya Strong ni ya mwaka 1890. Ni chombo kizuri sana cha kutafutia mistari, ila habari zake za asili ya maneno ni za wakati ule, na hii ya keimai haisimami tena. Wataalamu wa leo wa Kigiriki hawaifuati.

Wagiriki wenyewe walikuwa na yao. Aristotle, kwenye kitabu chake cha ushairi sura ya 3, anasimulia madai ya Wadori, jamii mojawapo ya Wagiriki. Wao walisema kijiji kwa lugha yao ni kome, na kwamba waigizaji wa komedi hawakuitwa hivyo kwa sababu ya kufanya komos, bali kwa sababu walidharauliwa mjini wakawa wanazunguka vijijini. Ni hadithi tamu, na ndani yake kulikuwa na ubishi wa fahari, Wadori wakidai kwamba komedi ni yao na si ya Waathene. Ila kama asili ya neno haikubaliki pia. Hakuna hata moja kati ya hizo asili lililokubalika kwa wote, na komos limebaki ni neno la zamani sana ndani ya Kigiriki lenyewe.

Ndiyo maana mimi naona tusitafute maana ndani ya mzizi. Tuitafute kwenye matumizi. Neno linaishi kwa jinsi watu wanavyolitumia, na komos tunayo matumizi yake ya miaka mia kadhaa kabla ya Paulo.

Na matumizi hayo hayakuwa mabaya yote. Hili lilinishangaza. Pindaro, mshairi aliyewatungia nyimbo washindi wa michezo ya Olimpia na mingineyo miaka ya 400 na kitu kabla ya Kristo, anaiita komos ile shangwe ya kumpokea mshindi kijijini kwake. Ni heshima kubwa. Kutoka hapo likazaliwa neno enkomion, wimbo wa sifa. Kwa hiyo neno lilianza likiwa na sherehe ndani yake, na mvinyo, na dini yao ya Dioniso. Kadiri mvinyo ulivyozidi sherehe, ndivyo jina lilivyochafuka.

---

Nai wa Kayole

Hapo kwa kuchafuka mmenigusa. Huku Nairobi neno sherehe limepita njia hiyo hiyo tukiona kwa macho yetu. Bibi yangu akisema sherehe, ni harusi, ni mtoto kuhitimu, ni watu kukaa na kula na kuomba. Vijana wakisema "leo ni sherehe" wanamaanisha chupa na kukesha, basi. Neno ni lile lile, lakini ukimwambia bibi "nilikuwa sherehe" na ukimwambia rika lako, umesema vitu viwili.

---

Mwana Kihonda

Mfano bora kuliko wote niliokuwa nao. Asante sana ndugu.

Naendelea sasa na lile lililonifanya nifungue uzi: ilikuwaje komos ikaishia kuwa ulafi?

Warumi wa kale walilichukua tendo hili kutoka kwa Wagiriki pamoja na jina. Kigiriki komazein, kufanya komos, Kilatini wakalifanya comissari, na tendo lenyewe comissatio. Hadi hapo bado ni msafara. Lakini Kilatini kina neno jingine lisilohusiana kabisa, comedere, kula ukamaliza. Masikio ya watu yakayachanganya. Waandishi wakaanza kuandika comessatio, kwa herufi e, kana kwamba neno limetoka kwenye kula. Biblia ya Kilatini iliyotumika makanisani Ulaya miaka zaidi ya elfu imeliandika hivyo hivyo kwenye Warumi 13:13: non in comessationibus et ebrietatibus.

Na huo si mstari wa pembeni. Mwaka 386 huko Milano, Augustino, mtu wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa bustanini analia kwa kushindwa kuacha maisha yake ya zamani. Akasikia sauti kama ya mtoto ikiimba nyumba ya jirani: chukua usome, chukua usome. Akarudi mahali alipokiacha kitabu cha Mtume Paulo, akakifungua, akasoma kimya mstari macho yake yalipoangukia kwanza. Ulikuwa huo. Neno la kwanza lililomkuta Augustino ni komos kwa mavazi ya Kilatini. Mtu aliyeishi ujana wake kwenye miji mikubwa kama Karthago na Roma hakuhitaji kamusi. Alijua anaambiwa juu ya usiku gani.

Miaka mingi baadaye Luther anatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, 1522. Warumi 13:13 akaandika Fressen und Saufen. Fressen kwa Kijerumani ni kula kwa mnyama, ni kubwakia. Waingereza wa 1611, wale wa Biblia ya King James, wao walikwenda upande wa ghasia na makelele. Union yetu, iliyotoka nzima mwaka 1952, imekaa upande ule wa mdomo. Na Kiswahili kikaongeza kufuli, kwa sababu ulafi umetoka moja kwa moja kwenye -la, kula. Ukishasema mlafi hakuna anayefikiria barabara wala mwenge. Unaona sahani.

Na hasara yake ni hii. Soma Warumi 13:12 na 13 pamoja. Usiku umeendelea sana, mchana umekaribia, tuyavue matendo ya giza. Halafu: "Kama ilivyohusika na mchana na tuenende kwa adabu." Tuenende. Paulo anazungumza juu ya kutembea! Anaweka matembezi mawili, ya mchana yenye adabu na ya usiku ambayo kila mtu wa mji wa Roma aliyasikia chini ya dirisha lake. Barua hiyo aliiandika akiwa Korintho, mji wa bandari, na sidhani usiku wa Korintho ulikuwa kimya. Ukiweka ulafi pale, usiku na matembezi vinakosa kazi ndani ya sentensi. Mtu anaweza kuwa mlafi saa saba mchana akiwa amekaa kwake.

Petro vivyo hivyo. Baada ya kutaja komos kwenye 4:3, mstari wa 4 anasema watu wanashangaa kuona "kutokwenda mbio pamoja nao". Kwenda mbio pamoja. Kundi linapita, linakuita kwa jina lako wewe uliyekuwa nalo jana, na wewe hutoki. Ndipo wanakutukana. Mimi nilisoma mstari huo miaka na miaka nikidhani mbio ni maneno ya kupamba tu.

---

Mwambao

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, nafuatilia kwa sababu ya lugha na nimefaidi. Niongeze kitu kimoja.

Nina rafiki Mkristo ana Biblia ya Kiarabu, ile ya Van Dyck. Nimemuomba aniangalizie. Mahali pa komos, Warumi na Wagalatia, wameweka batar. Neno hili wasomaji wa Qur'ani wanalijua. Batar ni mtu kuvimbishwa na neema, kushiba mpaka akajiona hana wa kumuuliza. Si kushiba chakula. Ni jeuri ya aliyeshiba.

Sasa angalieni Suratul Anfal aya ya 47. Waumini wanakatazwa wasiwe kama wale waliotoka majumbani mwao *bataran*, kwa jeuri na kujionyesha kwa watu. Wafasiri wanaeleza ni Makureshi walipotoka Makka kwenda vita vya Badr, mwaka 624. Na imepokewa kwamba Abu Jahli, mkuu wao, aliposhauriwa warudi, alisema hawarudi mpaka wafike Badr, wachinje ngamia, wanywe mvinyo, na waimbaji wa kike wawaimbie, ili Waarabu wote wasikie habari zao.

Kutoka nyumbani, mvinyo, waimbaji, na kutaka kusikika. Mie sisemi mtafsiri wa Biblia alikuwa anaifikiria aya hiyo. Nasema tu kwamba alilichagua neno lenye msafara ndani yake.

---

Mwana Kihonda

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimesoma mchango wako mara tatu. "Kutaka kusikika" ndilo nililokuwa nalitafuta nikashindwa kulisema. Komos bila watu wa kusikia si komos.

---

Mama Paroko Zamani

Kwa wenzangu Wakatoliki, kwenye vitabu vyetu liko pia. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 6:4, habari za mfalme Antioko alipolinajisi hekalu la Yerusalemu. Pale panasema watu wa mataifa walilijaza hekalu ufisadi na hizo hizo tafrija zao. Nimeuliza padri mmoja anayesoma Kigiriki, amenithibitishia kwamba neno ni komoi. Waliingia nazo mpaka nyua za hekalu. Kwa Myahudi aliyemsikiliza Paulo, hilo neno lilikuwa na kidonda.

---

Kibatari

Naomba niwe mgumu kidogo. Mkuu, ukishawaambia watu ulafi hapa si kula, kesho watasema kula ovyo si kosa. Mithali 23:21 inasema mlevi na mlafi wataingia umaskini. Huoni unafungua mlango?

---

Mwana Kihonda

Hapana Kibatari, mlango ule una bawaba zake. Mithali 23 inazungumza juu ya mlafi kweli, mtu wa kujijaza nyama, na Kiebrania chake ni neno jingine. Andiko hilo linasimama lenyewe na halihitaji kusaidiwa na Wagalatia. Ninachokataa ni kumtisha mama wa watu kwa pilau kwa mstari ambao haukuandikwa juu ya pilau, halafu wakati huo huo wale ambao mstari umewaandikia hasa wanapita salama kwa sababu wao hawali sana.

Nieleze ninachokiona mimi. Nyumba yangu iko njia ya kutoka baa kwenda nyumba za kupanga. Jumamosi, saa tisa usiku, wanatoka. Mmoja amebeba spika begani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Wanaimba, mmoja anaendesha bodaboda taratibu pembeni yao akipiga honi kwa mdundo. Kuna nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi binti anayeuza mitumba. Wanasimama kwenye geti lake. Wanamwita jina. Wanagonga bati kwa mikono. Binti hazimi taa wala hawashi, anakaa kimya mpaka wachoke. Nimewahi kutoka mara moja kuwaomba waondoke, wakaondoka wakiimba jina langu.

Hakuna aliyekula kitu pale. Sahani haikuwepo. Lakini yote mengine ya kikombe cha Würzburg yalikuwepo, tangu zumari mpaka mlango uliofungwa.

---

Shemasi Mstaafu

Basi tupe neno. Ungekuwa wewe ndiye mtafsiri ungeandika nini?

---

Mwana Kihonda

Mzee, nimehangaika nalo. "Shamrashamra za ulevi" linaeleweka haraka, ila shamrashamra ni neno zuri la harusi na Idi, sipendi kulichafua nalo. "Mikesha ya ulevi" inatunza usiku lakini inapoteza barabara, na kanisani mkesha ni sala. "Karamu za ulevi" ni afadhali kuliko ulafi, ila karamu inakaa mezani. Karamu yenyewe ni neno la Kiarabu lenye ukarimu ndani yake, mwenyeji anakukaribisha. Komos inakuja bila kukaribishwa.

Kwa sasa nimesimama kwenye "kuzurura na ulevi". Kuzurura kuna miguu, kuna ovyo, kuna usiku hata usipoutaja. Tusome Wagalatia hivyo: husuda, ulevi, kuzurura na ulevi. Halina uzuri wa ulafi kwa sauti, ulevi na ulafi vinaitikiana kama mapacha, na nahisi mwitikio huo umechangia neno kudumu. Mwenye bora zaidi alilete.

---

Nai wa Kayole

Kuzurura iko sawa. Na yule mama, umeshamjibu?

---

Mwana Kihonda

Jana. Nilimfuata nyumbani kwake, alikuwa anachambua mchicha barazani. Nikamwambia, mama, lile neno nimelifuatilia, halihusu chakula. Nikamweleza habari za mienge na zumari na kugonga milango ya watu usiku. Akaendelea kuchambua mchicha, ananisikiliza. Nilipomaliza akauliza: "Kwa hiyo Mtume aliwaona hao wanaopita hapa Jumamosi?"

Nikamwambia ndiyo mama, aliwaona.

Akasema, "Na yule binti wa mitumba, kuna mtu amemsomea huo mstari?" Akaingia ndani, akatoka na khanga begani, tukaenda wote.